Ukuta wa Watu Wote: Wachoraji wa Meksiko na Mapinduzi ya Nchi Yao

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo haya twapenda kuwaeleza jinsi kazi ya wachoraji ilivyogeuka katika karne ya ishirini pamoja na kugeuka kwa maisha ya watu. Jambo lenyewe ni pana. Tungetaka kulieleza kwa kila nchi, tungetaja majina mengi, na mwisho msikilizaji angebaki mikono mitupu. Kwa hiyo tumechagua nchi moja, nayo ni Meksiko, ipakanayo na Marekani upande wa kusini. Huko kazi ya wachoraji na mapinduzi ya wananchi vilifuatana waziwazi, hata mtu hawezi kueleza kimoja bila kukitaja cha pili. Na tangu mwanzo hata mwisho tutafuata swali moja: picha iliyochorwa ukutani, mahali pa watu wote, ni ya nani? Ni ya aliyeichora, ni ya aliyetoa fedha, au ni ya wale waipitao na kuitazama kila siku?

Yafaa tuanze na hali ilivyokuwa kabla ya mageuzi hayo. Wahispania waliuteka mji mkuu wa nchi ile katika mwaka 1521, wakaitawala nchi miaka mia tatu, hata 1821. Wenyeji wa asili walikuwa na ustadi wao wa tangu kale. Walijenga mahekalu ya mawe na kuzipamba kuta zake kwa picha za rangi. Walakini mwishoni mwa karne ya 18 kulifunguliwa katika mji mkuu chuo cha sanaa, jina lake San Carlos, na wanafunzi wake wakafundishwa kufuatisha sanamu na picha za Ulaya. Picha nzuri, kwa mawazo ya siku zile, ilikuwa picha iliyochorwa juu ya kitambaa, ikatiwa katika fremu ya dhahabu, ikatundikwa katika chumba cha mwenye mali. Mkulima mwenye jembe na kofia ya majani hakuingia chumba kile, wala sura yake haikuingia ila mara chache, tena kwa kupendeza macho tu.

Palikuwapo na picha za namna nyingine, za watu wa chini. Fundi mmoja, José Guadalupe Posada, alichora juu ya vibati vya madini, na michoro yake ikapigwa chapa juu ya karatasi za bei rahisi na kuuzwa njiani. Alipenda sana kuchora mifupa ya wafu: mifupa ikicheza ngoma, ikipanda farasi, ikivaa kofia za kitajiri. Maana yake ilikuwa kwamba mkubwa na mdogo mwisho wao ni mmoja. Hata asiyejua kusoma aliitazama karatasi ile, akacheka, akaelewa. Posada alikufa maskini mwaka 1913. Lakini kijana mmoja aliyepita mbele ya karakana yake kila siku alipokwenda shule, José Clemente Orozco, aliandika baadaye kwamba kutokana na kumtazama fundi huyo ndipo hamu ya kuchora ilipoanza kumwingia. Jina la Orozco tutalirudia.

Katika miaka ile nchi ilitawaliwa na Jenerali Porfirio Díaz, aliyeshika madaraka mwaka 1876, na ukiacha muda mfupi tu, akayashika hata 1911. Katika utawala wake reli zilitandazwa, migodi ikafunguliwa, na fedha za kigeni zikaingia. Mtu aliyeutazama mji mkuu peke yake angesema nchi imestawi. Walakini nje ya mji, ardhi ya vijiji ilikuwa ikimezwa na mashamba makubwa. Mtu aliyekuwa akilima shamba la babu zake alijikuta mfanyakazi wa mwenye shamba kubwa. Akakopeshwa nafaka na nguo katika duka la bwana wake, na deni lisiloisha likamfunga pale kama kamba. Zaidi ya nusu ya watu wa nchi hawakujua kusoma wala kuandika.

Mwaka 1910 serikali ilifanya sikukuu kubwa ya kukumbuka miaka mia tangu watu walipoanza kupigania uhuru. Katika sikukuu ile ya uhuru wa Meksiko, maonyesho ya picha yaliyogharimiwa na serikali yalikuwa ya picha za Hispania! Wachoraji vijana wa nchi waliona uchungu. Wakiongozwa na mwenzao aliyejiita Dr. Atl, walifanya maonyesho yao wenyewe, kisha wakaomba kuta za majengo ya serikali ili wazichore. Wakapewa ukumbi wa shule kubwa ya mji mkuu, wakaanza kutayarisha jukwaa la kufanyia kazi. Ndipo tarehe 20 Novemba 1910 vita vya mapinduzi vikaanza, na kazi ikaachwa. Tuliangalie neno hili, kwa sababu ni ufunguo wa mambo yafuatayo: wachoraji walizitaka kuta kabla ya mapinduzi, lakini hawakuzipata ila baada yake.

Vita vilidumu yapata miaka kumi. Kusini, Emiliano Zapata aliongoza wakulima wa jimbo la Morelos waliodai ardhi iliyochukuliwa na mashamba ya miwa. Kaskazini, Francisco Villa aliongoza wapanda farasi. Majenerali walishinda, wakashindwa, wakauana. Zapata mwenyewe aliuawa kwa hila mwaka 1919. Katika hesabu ya watu ya 1910 nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 15. Katika ile ya 1921 walikuwa kama milioni 14 na kidogo. Wengine waliuawa, wengine walikufa kwa njaa na maradhi, wengine walikimbilia nchi jirani. Hata hivyo katika 1917 ilitungwa katiba mpya iliyosema kwamba ardhi na madini yaliyomo chini yake asili yake ni mali ya taifa, na kwamba kazi ya siku isipite saa 8.

Sasa tuwatazame watu watatu ambao majina yao yamefungamana na habari hii. Wa kwanza ni Diego Rivera, aliyezaliwa 1886. Wakati wa vita alikuwa Ulaya. Alikaa Paris miaka mingi, akajifunza namna mpya ya kuchora iliyoanzishwa na Picasso na Braque, ambayo mchoraji huivunja sura ya kitu vipande vipande kana kwamba anakitazama kutoka pande nyingi kwa mara moja. Mwaka 1920 alikwenda Italia, akazitazama kwa makini picha za zamani zilizochorwa katika kuta za makanisa kwa ajili ya watu wasiojua kusoma. Wa pili ni Orozco, aliyezaliwa 1883. Katika ujana wake alipoteza mkono wa kushoto kwa ajali ya baruti. Yeye aliviona vita kwa macho yake. Wa tatu ni David Alfaro Siqueiros, aliyezaliwa 1896, mdogo wao wote. Yeye alikuwa askari katika vita hivyo.

Vita vilipotulia, Raisi Álvaro Obregón alimweka José Vasconcelos kuwa Waziri wa Elimu mwaka 1921. Waziri huyu alituma walimu vijijini, akafungua maktaba, akapiga chapa vitabu vya bei nafuu. Tena aliona kwamba kitabu kitachelewa kumfikia mtu asiyejua kusoma, bali ukuta hauchelewi. Basi akawaita wachoraji na kuwapa kuta za majengo ya serikali. Malipo yao yalikuwa madogo, lakini walipata kitu ambacho hakuna mchoraji wa kizazi kilichopita aliyekipata: nafasi ya kusema na taifa zima.

Yatupasa kueleza kidogo namna ya kazi yenyewe, maana watu wetu wa pwani, waliozoea kuchoma chokaa na kuipaka nyumba zao, wataielewa upesi. Ukuta hupigwa lipu ya chokaa na mchanga, tabaka juu ya tabaka. Tabaka la mwisho hupakwa asubuhi, tena si ukuta mzima, bali sehemu ile tu ambayo mchoraji anaweza kuimaliza siku ile. Rangi husagwa na kuchanganywa na maji matupu, bila gundi wala mafuta. Chokaa ikiwa bado mbichi huinywa rangi. Na inapokauka huvuta hewa na kugeuka tena kuwa kama jiwe, na rangi hubaki imefungwa ndani yake. Kwa hiyo mchoraji hana nafasi ya kusitasita. Akikosea, hawezi kufuta. Sharti lipu ibomolewe na kazi ianzwe upya. Picha ya namna hii haibanduliwi ikapelekwa sokoni. Ni sehemu ya ukuta, na ukuta ni sehemu ya nyumba. Faida yake ni hiyo, na hatari yake ni hiyo hiyo, kama tutakavyoona.

Mtu asidhani kwamba wachoraji walijua tangu siku ya kwanza la kufanya. Picha ya kwanza ya Rivera, aliyoichora katika ukumbi wa ile shule kubwa mwaka 1922 na 1923, ilikuwa ya mambo ya kuumbwa kwa ulimwengu na fadhila za wanadamu, na sura yake ilifanana na za Italia kuliko za Meksiko. Lakini waziri alikuwa amempeleka kutembea sehemu za kusini mwa nchi, akaona masoko, mavazi, mashamba na magofu ya kale. Basi alipopewa nyumba mpya ya Wizara ya Elimu, aliyoifanyia kazi tangu 1923 hata 1928, alijaza kuta za nyua zake mbili kwa picha zaidi ya mia moja za watu wa nchi: wafumaji nguo, wapaka rangi, wasaga miwa, na mchimba madini atokaye mgodini akiinua mikono yake apekuliwe kama mwizi.

Katika picha hizo kuna moja ambayo twadhani mwalimu ye yote wa kijijini angependa kuiona. Mwanamke, mwalimu, ameketi chini juu ya ardhi, na kitabu mkononi. Wanafunzi wamemzunguka: watoto, watu wazima, na wazee. Nyuma yao watu wanalima. Na karibu yao amesimama mlinzi juu ya farasi wake, bunduki mkononi. Katika sehemu nyingi wenye mashamba makubwa hawakupenda shule zile, na mwalimu alikuwa katika hatari. Mchoraji hakuandika maelezo marefu. Alimweka mlinzi pale, na kila mtazamaji wa siku zile alijua kwa nini.

Wachoraji hao walijihesabu kuwa wafanyakazi kama waashi na maseremala. Mwaka 1922 waliunda chama chao cha kazi, na katika tangazo lao walisema kwamba picha ndogo za kutundikwa nyumbani ni za wachache, bali picha za kuta ni mali ya wote. Mwaka 1924 walitoa gazeti lao, El Machete, maana yake panga, lenye karatasi kubwa zilizoweza kubandikwa ukutani.

Lakini hao "wote" walisemaje? Hapa swali letu linaanza kuuma. Wanafunzi wengi wa ile shule kubwa walikuwa wana wa wenye nafasi, nao walizichukia picha zile. Waliona kwamba sura za watu maskini, weusi wa jua, ni matusi kwa shule yao. Mwaka 1924 walizipiga mawe na kuzikwaruza picha za Orozco na Siqueiros, na wachoraji hao wawili wakaondolewa kazini. Magazeti yakacheka. Hivyo katika miaka miwili tu ilionekana kwamba kupewa ukuta ni jambo moja, na kukubaliwa na wapitao mbele yake ni jambo la pili.

Orozco aliitwa tena mwaka 1926, akarudi shuleni pale akachora picha iitwayo Handaki. Wamo watu watatu. Wawili wanaegemea mawe, miili yao imelegea. Wa tatu amepiga magoti akiufunika uso wake. Hakuna bendera ya ushindi, hakuna jenerali juu ya farasi, wala adui haonekani. Serikali iliyotoa ukuta ilikuwa imezaliwa na vita vile vile, na ingependa kuona sifa zake. Orozco aliwaonyesha gharama. Hakusema kwamba mapinduzi hayakuwa na haja. Alikataa tu kuyapaka marashi. Kwa maoni yetu hii ni moja ya kazi zilizo kubwa kupita zote za wakati ule, na inaweza kuonekana hata leo mahali pale pale ilipochorwa.

Rivera aliifuata njia nyingine. Alikuwa mtu wa matumaini, na mfuasi wa siasa ya kikomunisti. Katika Chapingo, shamba kubwa la zamani lililogeuzwa kuwa shule ya kilimo, alipewa kanisa dogo la wenye shamba wa kale. Akalimaliza mwaka 1927. Upande mmoja alichora ardhi inavyochipusha mimea; upande wa pili, jinsi watu wanavyojikomboa. Wanafunzi wa kilimo walikutana mahali ambapo mabwana wa zamani walisali, wakazungukwa na picha za ardhi iliyorudishwa. Walakini ardhi yenyewe haikurudishwa kwa upesi kama ilivyochorwa. Ugawaji mkubwa ulifanywa na Raisi Lázaro Cárdenas, aliyetawala tangu 1934 hata 1940, yaani miaka mingi baada ya rangi kukauka. Picha ilikuwa imetangulia mbele ya sheria. Na wako wanaosema kwamba picha kama hizo zilisaidia kuifanya serikali ione haya kwa ahadi isiyotimizwa.

Tangu 1929 Rivera alichora ngazi kuu ya Ikulu ya Taifa, akaeleza historia yote ya nchi tangu siku za kale mpaka siku zake, pamoja na siku zijazo kama alivyozitarajia. Mtoto wa shule anayepanda ngazi ile huona mamia ya watu: washindi na walioshindwa, mapadre, watumwa, wakombozi. Lakini hatuna budi kusema kwamba picha si ushahidi wa mahakamani. Rivera aliipamba sana nchi ya kale, hata mtazamaji aweza kusahau kwamba wafalme wa kale nao walitoza ushuru mzito na kuua mateka. Aitazamaye picha ya historia na aulize: nani ameachwa nje?

Mnamo 1930 sifa za wachoraji hao zilikuwa zimevuka mpaka. Marekani wakati huo ilikuwa imeingia katika dhiki kubwa ya biashara iliyoanza 1929. Viwanda vilifungwa na mamilioni ya watu walikosa kazi. Orozco alikuwa huko tangu 1927. Rivera aliitwa Detroit mwaka 1932, na Edsel Ford wa kiwanda cha magari akatoa fedha. Jambo la ajabu, mkomunisti akiajiriwa na tajiri wa viwanda! Rivera alikaa siku nyingi kiwandani akichora na kutazama, kisha akajaza ua wa nyumba ya sanaa kwa picha 27 za mashine na wafanyakazi wa rangi zote. Moja ilionyesha mtoto akichanjwa, na mbele yake farasi, ng'ombe na kondoo. Watu wengine waliona kwamba imefanana na picha ya kuzaliwa kwa Yesu horini, wakasema ni dhihaka, wakataka kuta zipakwe rangi na kufunikwa. Edsel Ford alikataa, na picha zimebaki.

Mambo yalikuwa mengine New York. Familia ya Rockefeller ilimwajiri Rivera achore ukuta wa jengo lao jipya. Katika picha ile alitia sura ya Lenin, mkuu wa mapinduzi ya Urusi. Mwaka 1933 Nelson Rockefeller alimwomba aiondoe, aweke uso wa mtu asiyejulikana. Rivera akakataa, akasema yu tayari kuongeza sura ya Abraham Lincoln, lakini hataondoa kitu. Basi alilipwa fedha zake zote, akaamriwa kushuka jukwaani, na picha ikafunikwa. Mwezi wa Februari 1934 ilivunjwa kwa nyundo usiku. Waswahili husema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Rivera alitaka ukuta wa tajiri bila kuinama, na ukuta ukavunjwa. Walakini mwaka huo huo serikali ya Meksiko ilimpa ukuta mwingine katika jumba la sanaa la mji mkuu, akaichora picha ile mara ya pili, na baba yake Nelson Rockefeller akamtia ndani yake.

Siqueiros naye alikuwa amepata mkasa wake huko Los Angeles mwaka 1932. Aliajiriwa achore "Amerika ya Joto" kwenye ukuta wa juu, katika mtaa uliokuwa ukipambwa kwa ajili ya watalii. Wenye kazi walitazamia miti, ndege na watu wenye furaha. Siqueiros alichora mwenyeji wa asili amesulubiwa, na tai juu ya kichwa chake. Haukupita muda mrefu picha ikapakwa chokaa ikafichwa: kwanza sehemu iliyoonekana kutoka njiani, kisha yote.

Hata hivyo mbegu ilikuwa imekwisha kuanguka katika ardhi ya Marekani. Mwaka 1933 mchoraji George Biddle alimwandikia Raisi Franklin Roosevelt, akamkumbusha jinsi serikali ya Meksiko ilivyowaajiri wachoraji kwa ujira mdogo waeleze fikira za mapinduzi yao. Serikali ya Roosevelt ilifanya mipango ya kuwapa kazi wachoraji waliokuwa na njaa, na mpango mkubwa wao ulidumu tangu 1935 hata 1943. Kuta za posta, shule na hospitali zikapambwa kwa picha za watu wakifanya kazi.

Yuko mmoja ambaye habari yake yatugusa sisi Waafrika. Hale Woodruff, Mmarekani Mweusi, alikwenda Meksiko mwaka 1936 kujifunza kwa Rivera. Aliporudi alichora katika maktaba ya chuo cha Talladega, Alabama, habari ya meli Amistad. Katika 1839 watu wa Afrika Magharibi waliotekwa na kuuzwa Kuba waliasi ndani ya meli hiyo, wakaishika. Wakahukumiwa Marekani, wakapata uhuru, na waliosalia wakarudi Afrika. Picha hizo zilimalizwa 1939, miaka mia kamili baada ya uasi. Chuo cha Talladega kilikuwa kimeanzishwa na watu waliotoka utumwani. Basi kwenye ukuta ule wajukuu wa watumwa waliwaona Waafrika si kama bidhaa, bali kama watu waliosimama na kupigania nafsi zao.

Turudi Meksiko, tuone mwisho wa habari. Mapinduzi yalikuwa yamekwisha kuwa serikali, na chama kimoja kilitawala tangu 1929 hata mwaka 2000. Picha zilizokuwa za uasi zikawa mapambo ya dola. Na mlango wa kuta haukuwa wazi kwa kila mtu. Mwaka 1945 mchoraji mwanamke, María Izquierdo, alipewa kazi ya kuchora jengo la serikali katika mji mkuu. Rivera na Siqueiros wakashauri kwamba hana ustadi wa kutosha, na kazi akanyang'anywa. Wale wale waliosema kwamba ukuta ni wa wote walimfungia mwenzao mlango. Baada ya 1950 vijana kama José Luis Cuevas walisema kwa sauti kubwa kwamba wamechoka kuamriwa namna moja tu ya kuchora. Wazee walikuwa wamewaasi walimu wa San Carlos. Sasa vijana wakawaasi wazee.

Orozco alikufa 1949, Rivera 1957, Siqueiros 1974. Kazi kubwa ya Orozco, mtu wa moto katika kuba la Hospicio Cabañas huko Guadalajara, nyumba ya zamani ya kulelea mayatima na maskini, imo katika jengo lililoandikwa mwaka 1997 kuwa urithi wa dunia nzima. Na ile picha ya Siqueiros iliyopakwa chokaa Los Angeles? Chokaa ilipigwa na jua na mvua, ikaanza kubanduka. Na kufika mwisho wa miaka ya 1960 mtu aliyesulubiwa alianza kuonekana tena. Vijana wenye asili ya Meksiko waliokuwa wakidai haki zao katika mji ule waliikubali kuwa yao, nao wakachora kuta za mitaa yao wenyewe. Baada ya kazi ndefu ya kuihifadhi, ilifunguliwa kwa watu wote mwezi wa Oktoba 2012, miaka 80 tangu kuchorwa. Rangi zake zimefifia, lakini maana yake haikupotea.

Basi, wasikilizaji, swali letu lijibiweje? Kwa sheria, mwenye ukuta ndiye mwenye picha, na nyundo aweza kuitia. Kwa jasho, ni ya mchoraji, lakini yeye hufa. Waipitao kila siku hawana hati wala nyundo, na mara nyingine, kama wale wanafunzi wa 1924, ndio wa kwanza kurusha mawe. Hata hivyo twaona kwamba picha haikudumu kwa nguvu ya serikali, wala kwa fedha za tajiri, bali kwa sababu walipatikana watu waliosema, "Hii inasema habari zetu." Pale walipokosekana, ukuta ulibaki chokaa na rangi tu. Pale walipopatikana, hata baada ya miaka 80, chokaa ilishindwa kuificha.

Nanyi mnapopita mbele ya ukuta uliochorwa, uwe wa shule, wa soko au wa ofisi, simameni kidogo mjiulize maswali matatu: Nani amelipa? Nani amechorwa? Na nani ameachwa nje? Mkiyajibu hayo matatu, mtakuwa mmejua mengi ya nchi ile na ya wakati ule.